Shangazi Alikuja Kujiona

Sikulazimishi uniamini. Ila ujue kwamba sikuwa naota, sikuwa na homa, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Wengi wanaosimulia mambo ya namna hii husema ilikuwa usiku, umeme umekatika, mbwa wanabweka. Yangu yalinikuta saa tisa alasiri, jua linawaka, ndani ya kibanda changu cha cherehani hapa Tinde, malori yakipita barabarani. Ingekuwa usiku, ningejidanganya kwamba ni giza.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Baba alifukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Bulyanhulu. Mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, kwa ugonjwa ambao hospitali waliupa jina lao na mtaani wakaupa jina jingine. Nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikajifunza kushona, nikawalea wadogo zangu wawili, Masanja na Nyamizi. Sisemi haya ili unihurumie. Nasema ili ujue kwamba nyumbani kwetu neno la mwisho lilikuwa langu, kwa hiyo na kosa hili ni langu.

Tulikuwa na shangazi mmoja tu, dada yake baba, Shangazi Kabula. Hakujaliwa mtoto. Miaka yote alipikia kuni mbichi na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na moshi ukamharibu macho. Yakawa mekundu, yakabaki mekundu. Kama wewe ni mtu wa huku, umeshaelewa ninakokwenda. Mama alipokufa, watu wa ukoo walikwenda kwa mganga, na mganga akawaambia kwamba aliyewala wale wawili ni mwanamke wa damu yao, na macho yake yanamtaja. Jina hakulitoa. Kulikuwa na haja gani ya jina? Huku kwetu kuna wanawake waliokatwa mapanga kwa maneno machache kuliko hayo. Shangazi aliondoka alfajiri na kapu moja kichwani, akaenda kupanga chumba Ushirombo, akawa anauza karanga.

Masanja alikua akiyaamini maneno ya mganga. Mimi sikuyaamini hata siku moja. Lakini pia sikuwahi kusimama mbele ya watu nikasema kwamba siyaamini.

Nyamizi alipopata mchumba wa Katoro, nilimpigia shangazi simu kwa siri. Katika ukoo wetu, siku ya kumuaga binti, sengi, yaani shangazi, ndiye anayemvika kanga mabegani na kumnong'oneza maneno ya kwenda nayo. Bila hivyo binti ameondoka kama mtoro. Siku ya sherehe shangazi alipanda basi la kwanza, akafika, akakaa kiti cha nyuma kabisa chini ya turubai, karibu na masufuria. Wakati watu wanakula nilimpelekea sahani. Akanionyesha kwa kidevu kamera iliyokuwa inarekodi sherehe.

"Na mimi nimo humo?"

"Umo, shangazi."

"Sijawahi kujiona nikitembea," akasema, akacheka kwa aibu, akafunika mdomo kwa mkono.

Mshereheshaji alipoita shangazi wa bi harusi, watu wakageuza shingo. Shangazi akainuka peke yake, akapita katikati ya watu, akakalia kiti kilichowekwa mbele. Nyamizi akapiga magoti. Shangazi akaikunjua kanga, akamvika, akamwinamia sikioni, akasema naye kwa muda. Masanja alisimama akatoka nje ya turubai. Walimwona wote.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Aliyerekodi sherehe alikuwa rafiki yake Masanja. Alirekodi tangu bi harusi anasukwa nywele mpaka vijana wanakunja turubai, karibu saa sita nzima. Kabla hajaanza kuikata, zikaja habari kwamba dhahabu imetokea kwenye pori fulani na watu wanakimbilia huko. Akanipitia kibandani, begi mgongoni, bodaboda inamngoja.

"Dada, mimi naenda rashi. Dhahabu haingoji mtu. Picha zote zimo kwenye hii flashi."

"Na nani atazikata?"

"Wewe si fundi? Kukata ni kukata!" Akacheka, akapanda pikipiki, na sijamwona mpaka leo.

Masanja alikuwa na laptopu aliyoinunua kwa mchimbaji mwenzake, na ndani yake kulikuwa na programu ya kukatia video. Maandishi yote Kiingereza. Mimi Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, kwa hiyo nilifuata vijipicha. Kulikuwa na mkasi, huo niliuelewa. Kulikuwa na jicho, ukiligusa picha inapotea, ukiligusa tena inarudi. Kulikuwa na kufuli, nikaliogopa siku tatu. Kulikuwa na mshale uliojikunja kurudi nyuma, huo ndio ulioniokoa mara nyingi. Siku ya kwanza niliitenga sauti na picha bila kujua, katekista akaanza kuombea chakula kwa sauti ya mama mpishi anayegombana na wasaidizi wake. Nilicheka mpaka wateja wakachungulia. Nakuapia, siku zile za mwanzo nilifurahi. Niliwaona wadogo zangu wamependeza, nikasema wazazi wangekuwepo wangeshukuru.

Wiki ya pili Nyamizi akapiga simu kutoka Katoro. Alikuwa anaongea chini kwa chini.

"Dada, mama mkwe ameniuliza. Eti yule mama mwenye macho mekundu aliyekuvika kanga ni nani wenu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema jirani."

"Shangazi yako umemwita jirani?"

"Ningesemaje, dada? Wakiyajua ya mganga watanirudisha. Wanaingoja hiyo video, wataiangalia ukoo mzima. Mtoe. Kila alipo, mtoe."

Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu Masanja akaja kibandani, hakukaa hata kwenye benchi. "Yaani unatunza picha ya mchawi, mdogo wako arudishwe?" akasema. Nilimlea Nyamizi tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Nilipomfikiria akishuka kwenye basi na masanduku yake, watu wa Tinde wakimwangalia, mkono wangu ukashika kile kipanya cha kompyuta.

Shangazi alionekana sehemu kumi na moja. Nyingine ni bega tu, nyuma ya watu. Nyingine anapokea sahani kwangu. Ndefu kuliko zote ni ile ya kanga. Niliiangalia mara nne kabla ya kuigusa. Sauti ya maneno yake haikushikwa, midomo tu inaonekana ikienda sikioni kwa mtoto, na Nyamizi anatikisa kichwa, anakubali. Kitambaa ukikikata unausikia mkasi. Kule hakuna sauti. Kipande kinatoweka, na vilivyobaki huku na huku vinasogeleana na kuziba pengo, kama vile hapakuwa na kitu. Kwenye filamu yangu Nyamizi anatoka mezani hana kanga, halafu hapo hapo ana kanga.

Filamu ikatoka na urefu wa saa moja na dakika nne. Picha zote nilishazihamishia kwenye laptopu, kwa hiyo kabla ya kuitoa niliisafisha flashi ili nipate nafasi ya kuiweka. Masanja naye alitaka laptopu yake ikiwa nyepesi, kwa hiyo yale mafaili makubwa ya mwanzo, yale ya saa sita, nikayafuta filamu ilipokwisha kutoka, na ndoo ya taka nikaimwaga. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua vipande nilivyomkata shangazi vimo ndani ya programu, kama mabaki ya vitambaa yanavyokaa kwenye kapu langu chini ya cherehani. Nilijisemea moyoni: siku moja nitaviunganisha nimpelekee mwenyewe Ushirombo.

Filamu nikampa dereva wa basi, kwenye flashi ile ile, aipeleke Katoro. Nikarudi kibandani. Ilikuwa saa tisa.

Kivuli kikaangukia cherehani. Nikainua kichwa, nikamwona Shangazi Kabula amesimama mlangoni, na lile sweta lake la kahawia.

Niliruka kwa furaha na kwa hofu. Nikapiga goti. "Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia marahaba. Nililiona hilo, lakini nikadhani ni uchovu wa safari.

"Nimekuja kujiona," akasema.

Ungefanya nini wewe? Nilimkaribisha kwenye benchi la wateja, nikataka kuagiza chai, akasema ameshiba. Nikaiwasha laptopu, nikaifungua filamu. Tukaiangalia yote. Saa moja na dakika nne, mimi na yeye bega kwa bega. Mwanzoni alichangamka. Akawa anawataja watu. "Huyo si Mama Shija? Kanenepa!" "Huyu kijana anacheza kama anafukuza nyuki." Akicheka anasogea mbele, anapekua picha kwa macho yale mekundu, pembeni, nyuma, katikati ya watu. Baadaye akaacha kuwataja watu. Tulipofika kwenye kanga akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa. Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Nikarudisha mara tatu.

"Hii kanga ameivaa lini?"

"Kamera iliishiwa chaji, shangazi."

Tukaendelea mpaka mwisho, mpaka watu walipokunja turubai. Kisha akaigeuza mikono yake, akaviangalia viganja.

"Kwa hiyo mimi sikufika?"

"Ulifika, shangazi! Ulifika!"

"Nilidhani nilifika. Nilipanda basi la kwanza. Nakumbuka mtoto alipiga magoti, nikamwambia maneno." Akaishusha mikono mapajani. "Basi. Labda sikufika."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira leo ningekuwa na nafuu. Alisema kama mtu aliyesahihishwa na mwenye akili kuliko yeye, akakubali. Nikainama kufunga laptopu ili nimtafutie bodaboda ya kumfikisha stendi. Nilipoinua kichwa, benchi lilikuwa tupu.

Nikatoka mbio. Nje mlangoni hukaa mama mmoja anayeuza nyanya.

"Shangazi yangu ameelekea wapi?"

"Shangazi gani?"

"Huyu aliyetoka sasa hivi, mwenye sweta la kahawia."

Akaniangalia vibaya. "Mimi nimekaa hapa tangu adhuhuri. Hakuna aliyeingia wala kutoka. Nilidhani unaongea na simu, tena nikasema leo huyu ana vocha!"

Jua lilikuwa halijazama simu ilipoita. Mwanamke wa Ushirombo, mwenye nyumba aliyopanga shangazi. Akauliza kama mimi ndiye mtoto wa kaka yake Bibi Kabula. Akanipa pole. Walimkuta jana yake asubuhi, amelala jikoni kando ya mafiga, moto umeshazimika. Walichelewa kunipata kwa sababu namba yangu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, karatasi imefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Jana yake asubuhi. Nilikuwa nimeinama kwenye laptopu, namalizia kipande cha kumi na moja.

Tukaenda kuzika, mimi na Masanja. Nyamizi hakuja, angewaambia nini wakwe? Wanajumuiya wa Ushirombo walikuwa wamefanya kila kitu, wamechimba, wamepika, wanaimba. Watu wale walimpenda. Katekista wao akaja kwangu kwa upole, akaomba picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza. Nikatafuta kwenye simu yangu. Hakuna. Masanja hana. Majirani hawana, walisema alikuwa anakimbia kamera za simu kwa ajili ya macho yake. Tukakipata kitambulisho chake cha kupigia kura ndani ya Biblia. Kimeliwa na jasho, mahali pa uso pamebaki doa jeupe. Nikawaambia, msiwe na wasiwasi, ninazo picha zake nyumbani, nitazileta siku ya kuweka msalaba.

Nilirudi Tinde nikafungua programu. Pale palipokuwa na sherehe palikuwa na vibandiko vyekundu mfululizo, na ndani yake giza. Nikaubonyeza ule mshale wa kurudi nyuma mpaka kidole kikauma. Nikaipeleka laptopu kwa fundi simu wa stendi. Akaiangalia dakika moja.

"Dada, hii programu haibebi picha. Inakumbuka tu zilikokaa, inakwenda kuzichota huko. Sasa huko zilikokaa umekufuta."

"Na vile vipande nilivyokata?"

"Vipande gani? Hakuna kipande. Kulikuwa na mafaili, wewe umeyafuta."

Nikabaki na filamu peke yake. Nikasema, niiangalie pole pole, huenda bega, huenda mkono, huenda nimesahau mahali nikamwacha. Nikaifungua. Kitu cha kwanza nilichokiona ni urefu wake. Ilikuwa saa moja na dakika kumi na tano.

Dakika kumi na moja zilikuwa zimerudi.

Hapa ndipo watu wananiambia naongopa. Nisikilize. Mimi nilikata muda tu. Nilivyojua kutumia ile programu nisingeweza hata kumfuta nzi kwenye ukuta. Lakini vipande vyote kumi na moja vilikuwa vimerudi mahali pake, na shangazi hayumo. Naonekana mimi nikipeleka sahani kwenye kiti kitupu, natabasamu, nasema "Umo, shangazi," na sahani inabaki hewani. Mshereheshaji anaita. Watu wanageuza shingo, macho yao yanafuata kitu kinachopita katikati yao, na hakuna kitu. Nyamizi anapiga magoti mbele ya kiti kitupu. Kanga inakunjuka hewani, inamshukia mabegani, inanyooshwa upande mmoja, halafu upande wa pili. Kisha mdogo wangu anainamisha kichwa na kukitikisa, anakubali, anakubali.

Nilimwita Masanja. Nilimkalisha kwenye benchi lile lile, nikaiwasha filamu. Kanga ilipokunjuka akashika meza.

"Nani ameishika?" akasema. "Dada, nani ameishika hiyo kanga?"

"Unamjua."

Mwanamume yule aliyeshuka mashimo ya kila namna alilia kama siku tuliyomzika baba. Alisema aliyokuwa hajasema, kwamba nguo alizovaa akiwa mdogo zilikuwa zinatoka Ushirombo, na alijua zinakotoka.

Na kule Katoro je? Flashi ilishafika, na waliiangalia ukoo mzima, kama alivyosema. Nyamizi alinisimulia akilia. Walipofika pale, mama mkwe alisimamisha video.

"Mwanangu, mbona unakipigia kiti magoti?"

Nyamizi akashindwa kuendelea kudanganya. Akasema yote, ya mganga, ya macho, ya jirani ambaye hakuwa jirani. Akangoja aambiwe afunge masanduku. Mama mkwe akamketisha kando yake.

"Mimi niliuliza ili nimjue," akasema. "Nilitaka nimpelekee kitenge, nimshukuru kwa kukulea. Yale ni macho ya jikoni, mwanangu. Mama yangu mzazi alikufa nayo."

Hebu niambie, tulimkata kwa sababu ya nani?

Mama mkwe huyo ndiye aliyetuongoza kwenda kaburini siku ya msalaba. Masanja aliubeba mwenyewe tangu barabarani. Nilisimama mbele ya watu wote wa Ushirombo na wachache wa ukoo wetu waliokubali kuja, nikasema shangazi yetu hakumla mtu, na kwamba mimi ndiye niliyemtoa kwenye sherehe aliyofika. Wengine waliinama. Mzee mmoja wa ukoo aliondoka nikiwa bado nasema. Sijui kama shangazi huko aliko alinisikia. Sijamwona tena mlangoni, ingawa kila alasiri nageuza cherehani ili nitazame nje.

Lakini lipo ambalo halijaisha, na sidhani kama litaisha. Uso wake umenitoka. Nauliza hivi: inawezekanaje, mtu niliyemjua tangu utotoni, niliyekaa naye benchi moja, niliyemuaga kwenye jeneza kabla hawajalifunga? Nalikumbuka sweta. Naikumbuka mikono, sauti, kicheko cha kufunika mdomo. Najua macho yalikuwa mekundu kwa sababu watu walisema sana. Lakini nikijaribu kuuona uso wenyewe napaona peupe, kama kwenye kile kitambulisho. Nikadhani ni mimi tu nimeadhibiwa. Nikamuuliza Masanja, akasema, "Dada, na mimi." Nyamizi alikata simu.

Wewe unayesoma, najua kuna mtu kwenu. Kila ukoo unaye, yule anayekaa karibu na masufuria, ambaye picha ikipigwa mnamwambia asogee kidogo. Usimkate. Hata wakikuomba unaowapenda, hata wakikuambia ni kwa amani ya nyumba. Mfuate huko aliko akiwa bado anapumua, mpige picha akikutazama machoni, na wakikuuliza ni nani, litaje jina lake kwa sauti, useme ni wetu.